Nilivyofanikiwa kupima usingizi wa samaki pundamilia katika utafiti wa jeni za usonji

Kifaranga wa samaki pundamilia mwenye siku 5 ana urefu wa milimita 4 hivi, na usiku hulala. Akikaa dakika nzima bila kujisogeza tunamhesabu kuwa amelala, maana ukigonga sahani wakati huo anachelewa kushtuka kuliko akiwa macho. Kumpima mmoja ni rahisi. Kuwapima mamia, kisha ukasema kwa uhakika kwamba tofauti uliyoiona imeletwa na jeni fulani na wala si joto la maji au umri wa mayai, ndiyo kazi iliyobeba sehemu kubwa ya masomo yangu ya uzamivu hapa Marekani. Wanafunzi kadhaa wa nyumbani wameniuliza inafanywaje, kwa hiyo naieleza kama nilivyoifanya.

Jeni niliyopewa inaitwa CNTNAP2. Mwaka 2006 madaktari waliokuwa wakiwahudumia Waamishi wa Pennsylvania (jamii ya Kikristo huko Marekani) walieleza habari za watoto waliorithi hitilafu kwenye nakala zote mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Kifafa kiliwaanza wakiwa wadogo, maneno waliyokwisha kuyajua yakapotea, na wengi wao wakawa na dalili za usonji. Miaka 10 baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akiwemo Ellen Hoffman, walichapisha matokeo ya samaki pundamilia walioondolewa jeni hiyo: walipungukiwa seli za neva zinazotumia GABA, kemikali ya kutuliza, hasa sehemu ya mbele ya ubongo. Walipata degedege upesi zaidi walipowekewa kemikali ya kuichochea. Na usiku, wenzao wakiwa wametulia, wao walizunguka tu.

Kwa nini samaki? Mwaka 2020 uchambuzi wa vinasaba vya watu zaidi ya 35,000 ulibainisha jeni 102 zinazohusishwa na usonji. Huwezi kuzipitia zote kwa panya, moja baada ya nyingine, ukamaliza katika maisha ya utafiti ya mtu mmoja. Samaki pundamilia jike hutaga mayai 200 au zaidi kwa asubuhi moja, mayai yanakua nje ya mwili wake, na yanapitisha mwanga kiasi kwamba chini ya hadubini unaona seli ya kwanza ikigawanyika kuwa mbili, nne, nane. Siku ya pili moyo unadunda mbele ya macho yako. Siku ya tano kifaranga anaogelea, anafukuza chakula na anashtuka taa ikizimwa.

Nilisomea ufugaji wa samaki Tanzania na nilifanya kazi ya kutotolesha vifaranga wa sato kabla sijaingia kwenye masuala ya ubongo, na nasema bila kusita kwamba elimu ile ndiyo iliyonibeba. Wenzangu waliotoka moja kwa moja kwenye sayansi ya neva walianza na kamera. Mimi nilianza na maji. Jioni nilitenga jike na dume kwenye tangi dogo lenye kizuizi katikati, asubuhi taa zikiwaka nikakiondoa, na mayai yakaanguka chini ya wavu ambako wazazi hawawezi kuyala. Niliyagawa mayai 50 kwa kila sahani na si zaidi, kwenye nyuzi joto 28.5, mwanga saa 14 na giza saa 10. Yaliyogeuka meupe niliyatoa siku hiyohiyo kabla hayajachafua mengine. Mtu anaweza kuona haya ni mambo ya mfugaji tu. Lakini vifaranga waliosongamana hudumaa, na kifaranga aliyedumaa halali kama wa umri wake. Ukimweka kwenye jaribio, tofauti ya malezi utaiita tofauti ya jeni.

Mlima wenyewe ulikuwa hesabu. Mababu wa samaki hawa waliwahi kurudufu jenomu nzima, yaani seti yote ya jeni, ndiyo maana jeni nyingi ambazo sisi tunayo moja wao wanazo mbili. CNTNAP2 kwao ni cntnap2a na cntnap2b. Ukizalisha wazazi ambao kila mmoja ana nakala moja mbovu ya kila jeni, mtoto mmoja kati ya 16 ndiye atakayekosa zote kabisa. Sahani yetu ya kurekodia ina vishimo 96, kifaranga mmoja kwa kila kishimo. Maana yake usiku mzima wa kurekodi unakupa vifaranga 6 unaowatafuta, ukiwa na bahati ya wastani. Nilipanga njia mbili zikaenda sambamba. Ya kwanza ilikuwa hiyo ndefu, kwa sababu ndiyo pekee inayokupa ndugu wazima kabisa na ndugu waliokosa jeni zote kutoka kwenye mayai yaleyale. Ya pili nilitumia wazazi waliokwisha kukosa cntnap2a, wenye nakala moja nzima ya cntnap2b, hivyo robo ya watoto wakakosa zote. Njia hii inajibu swali dogo zaidi, yaani cntnap2b inaongeza nini, lakini inalijibu haraka.

Kanuni niliyoishikilia kuliko zote ni kutojua. Vifaranga niliwaweka kwenye vishimo bila kujua nani ana jeni gani, kamera ya infraredi, inayoona hata gizani, ikawarekodi kwa siku kadhaa mchana na usiku, programu ikahesabu mwendo wao, na ndipo kila kifaranga akapewa dawa ya kumlaza asiamke tena na kuhamishiwa kwenye kijichupa chake cha kutolea DNA. Majibu ya PCR, kipimo cha DNA kinachoonyesha kifaranga yupi ana jeni ipi, nilikuja kuyaunganisha na data ya usingizi mwishoni kabisa. Inachosha, maana unawalea na kuwarekodi wengi ambao hutawahitaji. Ila kichwa chako hakipati nafasi ya kuona unachotamani kuona. Vishimo vya pembeni, ambavyo maji yake hukauka upesi, tuliviongezea maji kila asubuhi kwa saa ileile, na kila kundi la mayai nililiingiza kwenye takwimu kama kundi lake. Ndugu analinganishwa na ndugu yake. Nimeona matokeo ya kusisimua yakiyeyuka pale tu kanuni hiyo ilipofuatwa.

Usiku tofauti ilibaki. Waliokosa jeni zote mbili walitembea zaidi gizani kuliko ndugu zao, kwenye kundi hata kundi, kama ilivyochapishwa 2016.

Dada yangu yuko Morogoro na ana mtoto wa kiume mwenye usonji. Usiku mwingi mpwa wangu huamka saa nane na halali tena mpaka alfajiri, na dada hukesha naye. Nilipomsimulia kazi hii kwa simu alinyamaza, kisha akauliza, "Kaka, kwani samaki naye anapata usonji?"

Hapana, dada. Usonji tunautambua kwa jinsi mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wenzake, anavyorudia mambo, anavyopokea sauti, mwanga na mguso, na hayo ni ya binadamu. Samaki ananionyesha jambo lililo chini ya hapo: jeni hii ikikosekana, ni seli zipi zinapungua ubongo unapojengwa, na usingizi unaguswaje. Kwa mpwa wangu hatujui ni jeni ipi, na huenda ni nyingi pamoja. Lakini dada ameshaambiwa na watu wa karibu kwamba ni laana, na kwamba ni malezi yake. Nilimwambia wazi kwamba hakuna alichokifanya kilichomletea mtoto wake usonji. Namwambia kila akiuliza.

Sasa nipo kwenye dawa. Mwaka 2016 ilionekana kwamba bayokanini A, kemikali ya mimea inayofanana kwa kiasi na homoni ya estrojeni, ilituliza mahangaiko ya usiku ya samaki hawa. Uzuri wa kifaranga ni kwamba dawa nyingi unazitia tu kwenye maji yake. Nusu ya vishimo inapata dawa iliyoyeyushwa kwenye DMSO, kimiminika cha kuyeyushia dawa, nusu nyingine inapata DMSO peke yake kwa kiwango kilekile, na karatasi inayosema kishimo kipi kina nini inakaa kwa mwenzangu hadi PCR iishe. Dawa inayowalaza wote, wazima na waliokosa jeni, naiweka pembeni. Natafuta inayomrudisha aliyekosa jeni kwenye usingizi wa ndugu yake, na ndugu huyo imwache kama alivyo.