Albamu za Devin Townsend haziorodheshwi moja moja

Tukikutana kwenye kibanda cha fundi simu pale Nyawera, ubishi ni uleule: albamu ipi ya Devin Townsend, mwanamuziki wa hevi metali kutoka Kanada, ikae juu. Wapenzi wa hevi metali hapa Bukavu tuko wachache mno. Spika za barabarani zinapiga rumba na nyimbo za kanisa toka asubuhi, sisi tunajibanza kwenye spika moja ya fundi. Pamoja na uchache wetu, hatujakubaliana hata siku moja.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ndiye aliyenipa muziki huu kwenye flashi nilipokuwa sekondari, na orodha yake haijawahi kusogea: City, kisha Ocean Machine, kisha Alien, halafu nyingine zote ni "za kubembelezea watoto". Fundi anaanza na Empath. Binamu yetu wa Goma, anayebishana kwa ujumbe wa sauti, hataki kusikia jina lingine kabla ya Addicted.

Mimi nasema orodha zote tatu zina kasoro moja, na kasoro yenyewe ni kupanga albamu moja moja. Watu wengine wakifika hapa husema kila mtu na ladha yake, mambo yanaisha. Sikubali. Kuna namna Townsend mwenyewe anavyofanya kazi, na orodha inayoipuuza itakosea tu.

Tazama mwaka 1997. Mkanada huyu, mzaliwa wa 1972, alikuwa ameshajulikana kwa sauti yake kwenye albamu ya mpiga gitaa Steve Vai ya 1993. Mwaka huo wa 1997 kundi lake la Strapping Young Lad likatoa City, Gene Hoglan akiwa kwenye ngoma: hasira tupu, dakika kama arobaini za kukabwa koo. Mwaka huohuo ikatoka Ocean Machine: Biomech, bahari, umbali na kifo, nyimbo zinazojivuta taratibu hadi kupita dakika kumi. Koo ni lile lile. Mwaka 2003 akarudia, albamu ya Strapping Young Lad upande mmoja na Accelerated Evolution upande wa pili. Mwaka 2011 hakuficha tena kitu: Deconstruction na Ghost zilitoka siku moja. Deconstruction ina okestra, kwaya, na wageni kutoka makundi ya metali ya Opeth, Gojira na Meshuggah. Hadithi yake ni ya mtu anayekwenda hadi kwa shetani kutafuta siri ya ulimwengu, akapewa baga ya jibini, na yeye hali nyama. Ghost ina filimbi na gitaa tulivu, ngoma zinagusa tu.

Hawa ni mapacha. Ukimsifu mmoja na kumsahau wa pili, umesikia nusu ya alichotaka kusema.

"Mudogo, Ghost haina hata ngoma," yaya akaniambia. "Utaiweka namna gani karibu na Deconstruction?"

"Yaya, sikiliza Deconstruction mara tatu bila kupumzika, kisha uniambie kama hautaitafuta Ghost wewe mwenyewe."

Fundi akacheka, kwa sababu anajua yaya huimaliza Deconstruction mara moja tu kisha huweka rumba ya Franco.

Tena hizo pande mbili hazikai mbalimbali kama yaya anavyodhani. Kwenye Ocean Machine ile anayoipenda, wimbo wa mwisho unazimika polepole, unabaki ukimya mrefu, halafu linakuja yowe moja la ghafla, kali, kama City imevunja mlango. Juzi tuliipiga kibandani. Fundi alikuwa ameinama na pasi ya kuchomelea mkononi, mama mmoja amekaa kwenye benchi akisubiri simu yake. Ukimya ulipoingia mama akadhani muziki umekwisha, akaanza kuuliza bei. Lile yowe likamkuta na neno mdomoni. Akashika kifua, akasema "Yesu wangu!", kisha akauliza huyo mtu amepatwa na nini. Niliona ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo.

Kuhusu Alien ya 2005 sitaandika mengi. Wengi wanaipandisha kwa ukali wake, na wanajua kwamba Townsend alikuwa ameacha dawa za ugonjwa wake wa akili wakati wa kuitengeneza. Mwenyewe ameshalisema waziwazi. Ni kazi yenye nguvu, lakini siwezi kuipa albamu cheo kwa sababu mtu aliumia ndani yake.

Mimi napiga gitaa kanisani, na mkono ulinifundisha jambo ambalo sikio halikulikamata. Townsend hupanga nyuzi zake C, G, C, G, C, E. Nilipozilegeza zangu hivyo, nikazipiga wazi bila kubana kitu, kodi nzima, yaani sauti kadhaa zinazopatana, ikalia. Unalaza kidole kimoja tu kwenye nyuzi zote, unakisogeza, na kodi nyingine inalia nzima vilevile. Kwa hiyo ule ukuta wa sauti, hata kwenye kelele zake mbaya kabisa, umesimama juu ya kodi kubwa, tamu, ambayo waimbaji wetu wa kwaya wangeifurahia. Yeye anaurundika gitaa juu ya gitaa, sauti juu ya sauti, mpaka utamu unageuka uzito. Tangu siku hiyo sisemi tena kwamba ana muziki wa aina mbili.

Ndiyo maana ya kwanza kwangu ni Terria ya 2001. Wazo lake lilimjia akivuka Kanada kwa gari, na inasikika: albamu haina haraka, inatazama nje ya dirisha. Mpiga ngoma ni Hoglan yule yule wa City, lakini hapa anajizuia, kila pigo lina nafasi yake. Niliisikiliza yote tukishuka mteremko wa Ngomo kuelekea Kamanyola, hedifoni masikioni, dereva akikata kona moja baada ya nyingine. Bonde la Ruzizi lilipofunguka chini yetu, gitaa la solo la Deep Peace lilikuwa linapanda. Sikuwahi kusikia gitaa linalolia na kushukuru kwa pamoja namna ile. Terria haihitaji pacha, kwa sababu yote mawili yamo ndani yake.

Ya pili ni Empath ya 2019, hapo fundi ana haki. Alileta wapiga ngoma watatu, na wimbo wa mwisho, Singularity, una dakika kama 23. Ndani yake gitaa la Steve Vai linasikika, miaka 26 baada ya ile albamu yao ya kwanza.

Ziltoid the Omniscient ya 2007 naipenda kwa sababu kiumbe wa anga anaivamia dunia akidai kikombe bora cha kahawa. Sisi wenye kahawa ya Idjwi na Kalehe tunamuelewa. Lakini haifiki tano bora.

Nafasi ya tatu nimewapa mapacha wa 1997 pamoja, ya nne wale wa 2011. Yaya anasema kupanga albamu nne kwenye nafasi mbili ni wizi. Fundi amekubali 1997, amekataa 2011. Binamu wa Goma ametuma ujumbe mrefu kuitetea Addicted, na aliyoyasema juu ya sauti ya Anneke van Giersbergen yana uzito. Amenikumbusha pia kwamba Ki, ile ya kunong'ona, ilitoka mwaka uleule wa 2009, na kwamba Novemba 2011 Townsend alizipiga Ki, Addicted, Deconstruction na Ghost zote London, kila moja na usiku wake. Kwa kanuni yangu mwenyewe, basi, Addicted inaingia nafasi ya tano, ila lazima iingie na Ki. Binamu hataki Ki.