Moyo nao unapumzika

Usiku huu usingizi umenipaa kabisa, nimelalia ubavu na sikio limebanwa na mto, basi nasikia mapigo yangu mwenyewe, du-du, kimya, du-du, kimya. Nikajikuta nakifuatilia kile kimya. Siku zote tunaongelea mapigo tu, ila mi naona pale katikati ndo kuna mambo.

Iko hivi. Mtu akiwa ametulia, mapigo kama 75 kwa dakika, pigo moja zima linakula sekunde 0.8 hivi. Ventrikali, yaani vile vyumba viwili vya chini vinavyosukuma damu, vinajikaza kama sekunde 0.3 tu, hizo 0.5 zinazobaki vimelegea vinajaa damu upya. Kwa hiyo huu moyo tunaousifia kwamba haupumziki tangu tumboni mwa mama, kumbe zaidi ya nusu ya muda wake uko mapumzikoni, ila kwa vipande vidogo vidogo mno. Na bado kwa siku unapiga zaidi ya mara 100,000 na kusukuma lita zaidi ya 7,000, wakati damu yenyewe mwilini ni kama lita 5 tu inayozunguka na kuzunguka. Hiyo sauti ya du-du nayo ni vali, yaani vile vimilango vya moyo, zinajifunga, du ya kwanza moyo unaanza kukaza, du ya pili ndo mapumziko yanaanza.

Sasa hapa ndo pananishangaza kuliko pote. Damu yote hiyo inapita ndani ya moyo lakini misuli yake karibu yote hailishwi nayo moja kwa moja, inalishwa na mishipa ya koronari inayochipuka pale pale inapoanzia aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, na moyo ukijikaza unaibana mishipa yake wenyewe, hasa upande wa kushoto wenye ukuta mnene, damu inapita kwa shida. Ukilegea ndo inapita vizuri. Yaani moyo unakula ukiwa umepumzika! Ndo maana mtu ambaye mishipa hiyo imekuwa myembamba anaweza kukaa vizuri tu kwenye kiti, akipanda ngazi kifua kinaanza kumbana, maana mapigo yakienda kasi kinachopungua zaidi ni ule muda wa kulegea, yaani njaa imeongezeka na muda wa kula umekatwa. Jamani mtu akiwaambia kifua kinambana akitembea msimwambie amechoka tu, apelekwe hospitali.

William Harvey, yule daktari Mwingereza aliyeandika mwaka 1628 kwamba damu inazunguka, naye mwanzoni alishindwa kufuatilia moyo unavyocheza kwa jinsi unavyoenda haraka. Akawa anaangalia wanyama wa damu baridi kama vyura, moyo wao unaenda taratibu, ndo akaona wazi kwamba kazi ni pale unapojikaza, sio unapotanuka kama wengi walivyoamini. Nampenda sana kwa huo uvumilivu.

Halafu kuna neva inaitwa vagasi, inatoka kwenye ubongo mpaka kwenye moyo. Moyo una sehemu yake inayojianzishia mapigo bila kuambiwa na ubongo, na ukiuacha peke yake unaenda kama mapigo 100 kwa dakika, vagasi ndo inaupooza ufike 70 na kitu, na tukilala unashuka zaidi. Mtu aliyepandikizwa moyo, kitu ambacho daktari Christiaan Barnard alikifanya kwa mara ya kwanza kwa moyo wa binadamu kwenda kwa binadamu mwenzake kule Cape Town Desemba 1967, neva zinazoenda kwenye moyo zinakuwa zimekatwa, hivyo hata akikaa tu moyo wake unakwenda haraka kidogo, na akianza mazoezi unachelewa kupanda kwa sababu unasubiri adrenalini, ile homoni inayoharakisha moyo, ifike kwa njia ya damu, akiacha nao unachelewa kushuka. Kwa hiyo wanafundishwa kuanza mazoezi polepole na kumaliza polepole.