Genge langu bila mifuko ya rambo

Nina genge Ngamiani, hapa Tanga. Nauza nyanya, vitunguu, nazi, dagaa, mafuta ya kupima, na jioni vibua nikivipata Deep Sea, kwenye diko la samaki. Katazo la mifuko ya plastiki lilipoanza tarehe 1 Juni 2019 halikutukuta usingizini, maana Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikwishalitangaza bungeni tangu Aprili. Faini ilitisha, shilingi 30,000 hadi 200,000 kwa anayekutwa na mfuko tu, na muuzaji zaidi ya hapo. Lakini mimi niliwaza zaidi mteja. Mteja wa genge anapita akitoka kazini mikono mitupu, anataka nyanya za 500, na rambo amezoea kupewa bure. Ukimwambia atoe shilingi 200 nyingine ya mfuko mbadala, anakuona unamkomoa.

Kilichoniokoa ni nyongeza. Niliwaambia wateja wangu wote kwamba ukija na chombo chako, nyongeza ni haki yako, huna haja ya kuomba. Mwenye kapu alipata nyanya moja juu, au pilipili mbili, au fungu la mchicha lililonona. Hela iliyokuwa ikinunua pakiti za rambo kila wiki ndiyo ikawa inalipa nyongeza hizo. Kina mama walishika haraka kuliko nilivyotarajia. "Shoga, leo nina kapu langu, usinipunje!" Hapo mtu bado yuko ng'ambo ya barabara.

Kwa waliosahau, nilinunua makapu ya ukindu machache, nikayafunga kitambaa chekundu kwenye mkono ili yajulikane ni ya genge. Unaazima, unaacha rehani ndogo, ukirudisha unachukua hela yako. Mengine hayakurudi, na rehani ikafidia.

Mafuta ndiyo yaliyonipa kazi. Mtoto anakuja mbio na sarafu mkononi, "Shikamoo, mama kaniagiza mafuta ya 500." Zamani tulimpimia kwenye kifuko cha nailoni, tunapiga fundo, tunaomba Mungu asijikwae. Sasa nina ubao wenye misumari ukutani, na kila nyumba ina chupa yake ndogo imening'inia kwa uzi. Wa nyumba ya fundi cherehani wamefunga kifungo cha shati, bibi wa kona amefunga utepe wa kijani. Mtoto hata hajui kusoma, ananyoosha kidole, "Ile yetu!" Chupa naziosha kwa sabuni, nazipindua kivulini mpaka zikauke kabisa, kwani tone la maji likibaki mafuta yatamrukia mpishi. Najua chupa nayo ni plastiki, ila hiyo moja inakaa msumarini miezi na miezi, wakati kifuko kilikuwa kinaishia mtaroni siku ileile.

Vibua navifunga kwa majani ya mgomba. Jani bichi hupasuka, kwa hiyo lazima ulibabue kidogo juu ya moto mpaka lilegee na kung'aa, uti wake uutoe, kisha ufunge kwa chane za mgomba wenyewe. Kwa gazeti sikubali kufungia samaki. Linalowa na wino unahamia kwenye minofu.

Mifuko mbadala sikuitegemea, na mpaka leo siitegemei sana. Ukiushika unadhani ni kitambaa, kumbe ni polipropilini, yaani plastiki vilevile. Ile myepesi isiyofikia kiwango cha gramu 70 kwa mita ya mraba inachanika haraka na kuishia kulekule zilikoishia rambo. Na zilikoishia tulikuona. Mitaro ilikuwa inaziba mvua za masika zikianza, na mbuzi akichinjwa unakuta fundo la nailoni tumboni, gumu kama mpira.

Katazo la nchi moja pia lina mipaka yake. Rwanda walianza 2008, Kenya wakafuata Agosti 2017 kwa adhabu kali, na Zanzibar walikuwa wametutangulia miaka mingi. Huku bara tukiendelea kutengeneza na kuuza, mifuko ilikuwa inavushwa kimagendo kwenda Kenya. Nafurahi sana kwamba tuliziba upande wetu.

Kinachoniuma ni vifungashio vyeupe, vile laini vya kuwekea karanga na ubuyu. Kisheria ni vya kufungashia tu, lakini wapo wanaovigeuza mifuko ya kubebea, na muuzaji anayevigawa bure anavuta wateja kirahisi. Ningependa ukaguzi uanzie kwa wanaovileta kwa marobota, maana mama wa genge anakamatwa na vifuko kumi huku robota zima likishushwa mtaa wa pili.

Mwenye genge anayetaka kujaribu, aanze na mafuta. Anahitaji ubao, misumari, uzi na chupa tupu tu, na watoto watawafundisha wazazi wao wenyewe.