Zamu ya nodi: nilivyojifunza kuacha kuzima seva zote kwa mpigo

Simu ya kwanza ilitoka kwa dada wa kaunta. "Kaka, kompyuta zimekataa kukata tiketi, na basi la Arua linaondoka saa tatu." Ilikuwa saa moja na robo usiku, mwezi wa Disemba, wiki ile ambayo nusu ya Kampala inarudi kijijini. Sikumwambia kwamba dakika kumi kabla ya simu yake nilikuwa najisifu moyoni kwa kazi safi.

Kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha namba moja. Mfumo wetu wa tiketi unakaa kwenye hifadhidata ya MariaDB inayoendeshwa na Galera kama klasta, yaani seva tatu (kila moja huitwa nodi) zinazobeba data ileile kwa pamoja, na mbele yake iko HAProxy inayoamua ombi liende kwa nani. Usanidi wote ulikuwa mikononi mwa Puppet, programu inayosimamia mipangilio ya seva. Kwa kuwa wateja wa sikukuu walikuwa wengi, niliongeza max_connections, yaani idadi ya miunganisho inayoruhusiwa kwa wakati mmoja, kwenye faili, nikalituma, nikashuka barabarani kununua rolex, ile chapati ya kuviringwa na mayai. Kwa taarifa yako, max_connections inaweza kubadilishwa hifadhidata ikiwa inafanya kazi, bila kuzima chochote. Hilo nililikumbuka siku mbili baadaye, na bado linaniuma.

Puppet hufanya kazi hivi: kila seva ina ajenti wake, na ajenti huyo asipoambiwa vingine huamka kila baada ya dakika 30, hulinganisha hali ya seva na maagizo, kisha hurekebisha kilichopotoka. Sisi tulikuwa tumemwagiza kwamba faili la MariaDB likibadilika, aizime na kuiwasha upya. Niliamini maajenti watatu wanaamka nyakati tofauti, kwa hiyo nodi zitapishana zenyewe. Kwa zaidi ya mwaka zilipishana kweli.

Nilichosahau ni kwamba siku tatu nyuma stima ilikatika, jenereta ikachelewa, betri zikaisha. Iliporudi, seva zote tatu ziliwaka dakika ileile. Ajenti huhesabu dakika zake 30 tangu alipowashwa, kwa hiyo tangu siku hiyo wote watatu walikuwa wakiamka pamoja kama askari wa gwaride. Jioni ile waliona faili jipya pamoja, wakazima hifadhidata pamoja.

Galera inaongozwa kwa akidi. Nodi ikiaga vizuri, wenzake wanapunguza hesabu ya wanachama na kazi inaendelea. Hata ukibaki na nodi moja iliyoagwa kwa heshima, itaendelea kujibu. Lakini zikiondoka zote hakuna klasta tena. Kila nodi ikiwaka inatafuta wenzake wa kujiunga nao, inawakuta nao wanatafuta, na baada ya nusu dakika hivi inakata tamaa. Wote wako nje ya mlango, kila mmoja anangoja mwenzake aliye ndani amfungulie.

Dawa yake inajulikana. Kwenye kila seva kuna faili dogo liitwalo grastate.dat, na ndani yake mstari wa safe_to_bootstrap, unaosema kama ni salama klasta ianzishwe upya kutoka seva hiyo. Nodi iliyoondoka mwisho ndiyo huandikiwa 1, nyingine 0. Mimi nilikuta namba 1 kwenye nodi ya tatu, nikaiamsha kwa amri ya galera_new_cluster, kisha nikaziita nyingine mbili, moja baada ya moja. Nilitumia dakika arobaini, nyingi zikiwa za mikono kutetemeka. Basi la Arua liliondoka na tiketi za kuandikwa kwa kalamu, na kiti namba 14 kikiwa na abiria wawili.

Kesho yake nilijaribu njia ya mkato. Puppet ina kitu kinachoitwa splay: ajenti akiwashwa, kwanza analala kwa muda wa kubahatisha ndipo aanze mzunguko wake. Nikadhani nimemaliza. Mwenzangu, kijana wa Kigoma ambaye hana haraka na jambo lolote, akaniuliza, "Na bahati ikiwaangusha wawili karibu karibu?" Tukakaa na karatasi. Nodi tatu, kila moja ikiangukia popote ndani ya dakika 30, na tuseme kila moja inahitaji dakika tano kuzimwa na kurudi kikamilifu. Hesabu ikaonyesha kwamba karibu mara saba katika kumi, angalau mbili zitagongana. Nilikuwa nimeondoa gwaride nikaweka bahati nasibu.

Mzee wetu wa kampuni alitaka maelezo, naye hana subira na maneno ya kompyuta. Nikampeleka kwa mawazo hadi steji ya teksi. Teksi ya pili haianzi kupakia kwa sababu dakika kumi zimepita. Inaanza kupakia kwa sababu ya kwanza imejaa na imeondoka, na yupo mtu pale anayeangalia kwa macho yake. Akasema, "Basi kwenye seva zenu hakuna mtu wa steji." Ndivyo ilivyokuwa.

Kulikuwa na njia mbili za kumweka mtu huyo. Ya kwanza ni kufuli la pamoja, kwa mfano lile la Consul, programu ya kuratibu seva: kila seva kabla ya kuzima hifadhidata inaomba kufuli, na aliyelishika ndiye mwenye ruhusa. Ni kama ufunguo wa choo cha ofisi uliofungwa kwenye kipande cha ubao. Tatizo la ufunguo huo kila mtu analijua: yuko atakayeondoka nao mfukoni. Consul inalitatua kwa kumpa kila mshika kufuli kikao chenye muda. Akinyamaza, kikao kinakufa na kufuli linarudi, kukiwa na ukawizi wa sekunde 15 usipoubadilisha, ili aliyekuwa bado anamalizia asiingiliwe papo hapo. Lakini seva iliyokufa katikati ya kazi ndiyo hasa nisiyotaka ipishwe na nyingine. Pia amri ya consul lock hulifungua kufuli mara amri uliyoifunga ndani yake inapoisha, na kuisha kwa amri si sawa na nodi kuwa tayari. Zaidi ya hayo, Consul yenyewe inataka klasta yake. Kwa kazi ya mara mbili kwa mwezi, kuongeza klasta ya kulinda klasta niliona ni kujitwisha mzigo. Kama ningekuwa na nodi mia ningesema vingine.

Njia ya pili ni kuwa na mtu mmoja anayesukuma, na hapo nikachukua Ansible, programu inayotuma kazi kwa seva nyingi kutoka mashine moja. Puppet ilibaki na kazi ya kuweka mafaili tu. Nilimnyang'anya ruhusa ya kuzima MariaDB. Kuzima na kuwasha kukahamia kwenye faili moja la Ansible lenye mstari serial: 1 juu kabisa. Bila mstari huo, Ansible inashika seva tano kwa mpigo, yaani zangu zote tatu. Ukiuweka, inamaliza kazi zote kwa nodi ya kwanza ndipo iguse ya pili, na nodi moja ikishindwa, kundi zima la mtu mmoja limeshindwa, basi inasimama hapo hapo.

Mpangilio wetu ni kuiondoa nodi kwenye HAProxy kwanza na kungoja waliomo ndani wamalize, kisha kuizima na kuiwasha, kisha kuiuliza tena na tena mpaka wsrep_local_state_comment iseme Synced (imelingana na wenzake) na wsrep_cluster_size, idadi ya wanachama, iseme 3. Ndipo inarudishwa kwa wateja. Nodi iliyotoka kwa dakika moja kwa kawaida inaletewa vile vipande ilivyokosa tu na inarudi upesi. Ikilazimika kunakili hifadhidata yote kwa njia ya rsync, programu ya kunakili mafaili, nodi inayotoa inafungiwa isiandike mpaka kazi iishe. Ndiyo maana mbili zikitoka kwa pamoja, hata kama klasta haijafa, unaweza kubaki na nodi moja hai ambayo haiwezi kuhudumia mtu.

Ilinipiga chenga mara mbili. Kwanza, niliweka kuzima na kuwasha kwenye handlers, yaani kazi za Ansible zinazoitwa tu pale kitu kinapobadilika, kama nilivyozoea kuona kwa watu. Handlers hungoja mpaka orodha ya tasks, kazi za kawaida, iishe. Ukaguzi wangu wa Synced ulikuwa ndani ya tasks, kwa hiyo ulikuwa unaikagua nodi kabla haijazimwa, unaikuta nzima, unapiga muhuri. Jaribio likapita vizuri mno, nikashuku. Nikauhamishia ukaguzi kwenye post_tasks, ambazo huja baada ya handlers. Pili, nilikuwa na hatua ya kuongeza safu kwenye jedwali, nikaiwekea run_once ili itendeke mara moja. Ukitumia serial, run_once inamaanisha mara moja kwa kila kundi, na makundi yangu yalikuwa matatu. Bahati yetu hiyo ilikuwa kwenye klasta ya majaribio: ya pili ikagoma kwa sababu safu tayari ipo. Sasa hatua hiyo ina sharti kwamba itendeke tu kwenye seva ya kwanza katika ansible_play_hosts_all, orodha ya seva zote za makundi yote.

Kisha kijana wa Kigoma akaniuliza, bila haraka, kama mimi na yeye tukiendesha faili hilo kwa wakati mmoja itakuwaje. Sikuwa na jibu. Tulikubaliana kwamba Ansible itaendeshwa kutoka mashine moja tu, na kupitia flock, kufuli dogo ambalo Linux nyingi zinakuja nalo. Wa pili anajibiwa kwamba mwenzako yuko kazini.

Mwezi uliopita tulipandisha toleo la MariaDB, mchana kweupe, watu wakikata tiketi za Mbale na Kasese. Nodi ya kwanza ilitoka ikarudi. Ya pili ilizima, ikawaka, ikakaa bila kufika Synced. Ansible iliuliza mpaka majaribio yake yakaisha, ikaandika nyekundu, ikasimama. Ya tatu haikuguswa. Nikampigia dada wa kaunta kumuuliza kama kuna tatizo. "Hakuna, kaka. Kwani mmefanya nini?" Nikamaliza rolex yangu, nikaingia kwenye nodi ya pili: diski ilikuwa imejaa logi za zamani. Nikazifuta, nikaanza tena kuanzia hapo.