Kutaamali kwa kufuata upepo: kaskazi, masika, kusi

Vitabu vingi vya meditesheni nilivyosoma vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Vinamwambia msomaji awashe mshumaa usiku unaporefuka, atoke nje theluji inapoyeyuka, atazame majani yakipukutika. Mimi naishi Langoni, Lamu, nyuzi 2 hivi kusini ya ikweta. Mchana wetu ni wa saa kumi na mbili Januari na Julai pia, na jua liwahi lichelewe kuchomoza, tofauti ya mwaka mzima haifiki saa moja. Lakini majira tunayo, na yana nguvu. Yanaletwa na upepo.

Kwanza niseme ninachofanya. Baada ya swala ya alfajiri nasoma adhkari zangu. Hiyo ni ibada, haibadiliki. Nikimaliza nakaa palepale juu ya mkeka, mgongo wima, nasikiliza pumzi ikiingia na kutoka kwa kama robo saa. Hili nilifundishwa na dada mmoja mwalimu wa yoga kule Shela, na aliniusia nisihame mahali: pembe moja, wakati mmoja, mwaka mzima. Namheshimu sana, ila kwa kwetu hapa sikubaliani naye. Wazee wa bahari walihesabu mwaka kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, kwa miongo ya siku kumi kumi, ili wajue upepo gani unakuja na lini watweke tanga. Nami nimeichukua hesabu hiyo. Kila mwongo ukiisha napanda darini, natazama upepo unatoka wapi, halafu naamua mkeka ukae wapi.

Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, inapovuma, kuanzia Desemba, nakaa huko huko darini chini ya makuti. Anga ni safi, upepo ni mwepesi, pumzi inakuja bila kuvutwa. Punda wakilia chini nawaacha walie. Kuelekea Machi mambo hugeuka: upepo hulegea, joto husimama, na hata jua halijatoka kanga imeshanilowa mgongoni. Siku hizo pumzi naiacha, nafuata jasho. Tone huanzia nyuma ya sikio, hushuka shingoni taratibu, husita kwenye mfupa wa bega, kisha huteleza. Hakuna kitu kinachoishika akili yangu kama tone hilo, kwa sababu mkono unataka kulifuta nami naukataza.

Miaka hii Ramadhani imeangukia kwenye joto hilo. Mwaka 2016 tulifunga Juni, kusi, upepo wa kutoka kusini, ikivuma. Mwaka 2025 tulianza mapema Machi, kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, na kila mwaka mfungo huwahi kuliko mwaka uliopita. Baada ya daku na alfajiri usingizi hunielemea, basi nimehamishia kikao changu jioni, muda ambao mkate wa sinia unaumuka. Mchele nimeshauroweka tangu usiku, nimeusaga na tui, nimetia sukari, hamira na iliki, nimeufunika. Nakaa mbele ya bakuli, mdomo mkavu, tumbo tupu. Nikifunua naona vipovu vimejaa juu, kimoja kinapasuka na kingine kinachomoza ubavuni mwake. Navitazama hivyo tu mpaka ufike wakati wa kuwasha jiko. Akili yenye njaa hukimbilia chakula, na chakula chenyewe kiko mbele yangu. Haina pengine pa kwenda.

Masika yakiingia, Aprili na Mei, nashusha mkeka. Nyumba yetu ni ya mawe, ya kizamani, kuta za matumbawe na chokaa, nene hata mvua kubwa husikika kama inanyesha mtaa wa pili. Nakaa chumba cha ndani kabisa, chenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Ukuta unatoka unyevu, chokaa inanuka, nami nina pumu, kwa hivyo sijilazimishi kuvuta pumzi ndefu. Naihesabu fupi hivyo hivyo ilivyo, na nikibanwa nasimama. Yeyote mwenye kifua kama changu namsihi asione haya kusimama.

Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huwa kali, na kukaa kunanishinda. Makuti yanapigwa huku na huku, milango inagonga, mwili wote unataka kwenda. Basi nakwenda. Natembea ufukwe wa Shela, polepole, nikisikiliza unyayo unavyogusa mchanga mgumu, kisigino kwanza, halafu vidole. Ila lazima ujue maji. Wakati wa bamvu, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya alfajiri yamejaa, hakuna pa kupita, na hungoja yapwe hadi kama saa nne. Wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, unaweza kutoka mapema. Mchanga unaorushwa na upepo huchoma miguu. Nao nausikiliza.

Nikirudi humkuta ami yangu barazani na nyavu zake, maana siku hizo mashua haitoki nje ya miamba.

"Shikamuu, ami."

"Marahaba, mwanangu. Leo bahari imefunga."

Hukaa naye, nikamshikia wavu akashona tundu kwa tundu, hatusemi kitu. Nakihesabu kuwa kikao, tena bora kuliko vingi.

Halafu huja malelezi, Oktoba na Novemba, kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Bahari inalala. Hiki ndicho kipindi ninachokingoja mwaka mzima, na hapo tu ndipo nakaa mpaka miguu ife ganzi.

Dada yangu yuko Malindi, na utaratibu wangu haumfai wote. Nyumba yake ni ya mabati. Mvua ikinyesha hasikii pumzi, hasikii hata watoto, na mwanzo alitaka kuacha kabisa. Nilimwambia aache pumzi, asikilize mabati. Sasa mvua ikikatika huvaa viatu, akaenda ufukweni kutazama maji ya Mto Sabaki yanavyoingia baharini mekundu kwa udongo, na akifika nyumbani hunipigia simu kunieleza leo wekundu umefika wapi.