Herufi Kumi na Nne

Nilipoanza shahada ya uzamili ya bayoinfomatiki, yaani uchambuzi wa data za kibaiolojia kwa kompyuta, nilikuwa nimetoka kwenye hisabati, na baiolojia ya mwisho niliyokuwa nimeisoma ilikuwa ya sekondari. Kwangu mimi DNA ilikuwa mfuatano wa herufi nne, A, C, G na T, unaoweza kukatwa, kuhesabiwa na kulinganishwa, nami sikuona haja ya kujua zaidi ya hapo.

Msimamizi wangu alinipa kazi iliyoonekana nyepesi: kusoma, katika sampuli kadhaa za kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kipande kifupi cha jeni iitwayo pfcrt, iliyo kwenye kromosomu ya 7. Katika kipande hicho macho ya watafiti huwa kwenye asidi amino (kiungo kimoja cha protini) ya 76, kwa kuwa ikiwa ni laisini kimelea kwa kawaida huuawa na dawa ya klorokwini, na ikigeuka kuwa thrionini kimelea huwa sugu. Niliandika programu kwa lugha ya kompyuta ya Python, nikachukua namba za mwanzo na mwisho wa kipande kutoka katika faili la GFF, linaloonyesha kila jeni iko wapi kwenye DNA, na kabla ya jioni nikawa na jibu la ajabu. Kila sampuli, sugu na isiyo sugu, ilikuwa na kodoni (kundi la herufi tatu zinazosomwa pamoja) TAA, yaani alama ya kukomesha utengenezaji wa protini, mara tu baada ya kodoni ya kwanza. Sikuishuku programu yangu, nilivishuku vitabu.

Katika kikao cha kikundi chetu nilieleza ugunduzi huo kwa kujiamini ambako hata leo nikikukumbuka naona haya. Msimamizi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Kimelea hakiwezi kuishi bila protini hii. Hivi ulivyovisoma viliishije?" Nilipokosa jibu, aliniomba nihesabu herufi za sampuli ya kwanza iliyokuwa ukutani: GTGTAATGAATAAA. Nilihesabu kwa kidole, mbele ya watu, mara mbili. Zilikuwa 14, ilhali kipande chetu kilikuwa cha asidi amino tano, na hizo zinahitaji herufi 15, tatu kwa kila moja.

Faili la GFF huhesabu kuanzia 1, na Python huhesabu kuanzia 0. Kwa kuzichukua namba zile kama zilivyo nilikuwa nimeidondosha herufi ya kwanza, T, na kusoma kila kilichofuata nje ya mpangilio wake. Alipoirudisha msimamizi kwa kalamu, tulisoma TGT, GTA, ATG, AAT, AAA: sisteini, valini, methionini, asparajini na laisini, kama vitabu vilivyosema. Hakuna aliyecheka, na hilo lilinitesa zaidi. Kosa la namna hiyo kila mwandishi wa programu amelifanya. Kilichonichoma ni kwamba mtu aliyejua kimelea kinaishije aliliona bila kufungua hata mstari mmoja wa programu yangu, nami niliyeiandika sikuliona.

Marekebisho yalihitaji kutoa 1 kwenye namba ya mwanzo, basi. Wiki hiyohiyo niliomba ruhusa ya kuhudhuria masomo ya baiolojia ya molekuli pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mada ya tasnifu yangu, iliyokuwa ya takwimu tupu, nikaigeuza iwe juu ya usugu wa dawa katika vimelea vya malaria. Darasani nilikaa safu ya mbele, na kwa majuma mawili wanafunzi wenzangu waliniamkia wakidhani mimi ni msaidizi wa mwalimu.