Bunduki huoshwa kabla ya mikono

Jana magharibi nilifungua koki ya chini ya tangi la kompresa, mashine yangu ya kubana hewa, nikatega kopo. Yakatoka maji ya kahawia, juu yana mafuta kama supu iliyopoa, yanafoka kwa vishindo kisha yanachuruzika. Nilipoyapima yalikaribia nusu lita, nayo ni ya siku moja tu ya kazi. Maji yote hayo yalikuwa hewani hapahapa Ngamiani, Tanga, tunayavuta na pumzi zetu bila kuyaona. Nisingeifungua ile koki, safari yao ingeishia juu ya vanishi ya mtu.

Mimi ni fundi wa kupiga vanishi na rangi za samani. Karakana yangu ipo uani kwetu, na huu ni mwaka wa 11. Kazi nimefundishwa na mjomba, ndugu yake mama, na kitu cha kwanza alichonifundisha hakikuwa kushika bunduki ya kupulizia bali kuiosha. Ukimaliza kazi ukakimbilia sabuni na kikombe cha chai, bunduki ikabaki na vanishi tumboni, alikuita kwa sauti ya chini tu: "Mwanangu, nani kakwambia umemaliza?" Ukirudi, unairudia tangu mwanzo, chai ipoe huko. Bunduki kwanza, mikono baadaye.

Nimeamua kuandika kwa sababu wiki hii vijana wawili wameniletea bunduki zao za kupulizia, wote wakisema zimekufa. Hakuna iliyokufa. Ya kwanza ilikuwa na vanishi iliyokauka kwenye tundu la kifuniko cha kikombe, lile dogo la kuingizia hewa. Tundu hilo likiziba, vanishi inashuka kidogo halafu inagoma, kama vile chupa ya soda ukiigeuza kichwa chini na kuiziba kwa mdomo. Ya pili ilikuwa na jambo la kuumiza zaidi. Mwenyewe aliloweka bunduki nzima kwenye ndoo ya thina usiku kucha akidhani anaifanyia wema. Mipira yote ya ndani ilivimba, na ule uchafu uliolainika ukaingia kwenye njia za hewa, mahali ambapo vanishi haikupaswa kufika kabisa. Bunduki huoshwa, hailowekwi. Kinacholowekwa ni kofia, kile kipande cha mbele chenye matundu ya hewa, na nozeli, mdomo wa kutolea vanishi, peke yake, tena kwa dakika chache.

Nieleze ninavyofanya mimi. Vanishi iliyobaki naimimina kwenye kopo lake. Natia thina kidogo kwenye kikombe, kiasi cha nusu kikombe cha kahawa, natikisa, napuliza ndani ya kopo la taka mpaka kinachotoka kiwe cheupe. Halafu nafungulia upepo mdogo, naiziba kofia kwa kitambaa na kugusa triga: hewa inarudi nyuma, inachemka ndani ya kikombe, na unaona mawingu ya vanishi yakitoka kwenye kona ulizodhani ni safi. Narudia na thina mpya. Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo mimi naanza kuifungua.

Kwanza natoa mpira wa hewa. Kisha sindano, ile inayoziba nozeli kwa ndani, ndiyo hutoka mwanzo, na nozeli inafuata. Ukikaza spana kwenye nozeli huku sindano imekaa ndani, ncha inasagana na mahali inapokalia, na tangu siku hiyo bunduki inadondosha hata ukiachia triga. Sindano naifuta kwa kitambaa kuelekea nchani. Nozeli yangu ya vanishi ina tundu la milimita 1.4, dogo kuliko kichwa cha kiberiti, na ubora wote wa kazi unapita humo. Usiingize waya. Usiingize pini wala sindano ya cherehani. Chuma kinakwaruza ukingo wa tundu, na mkwaruzo usiouona kwa macho utauona ubaoni. Mimi natumia njiti ya chelewa. Ufagio wa makuti upo kila nyumba hapa Tanga. Nachomoa njiti moja, naichonga kwa wembe, naichovya kwenye thina. Ni ngumu ya kutosha kusukuma uchafu na laini ya kutosha kutoumiza shaba. Mswaki uliochakaa unamaliza kazi kwenye nyuzi za skrubu.

Wakati wa kurudisha, nozeli kwanza, kisha sindano, kofia mwisho. Tone moja la oili ya cherehani pale sindano inapopita kwenye mpira wake, tone jingine kwenye pini ya triga. Si mafuta yoyote ya kunyunyizia uliyokuta dukani, kwa sababu mengi yana silikoni, na silikoni ni adui wa vanishi: ikigusa ubao, vanishi inaikimbia na kuacha vitundu vya duara kama macho ya samaki. Ukiwa umetumia rangi ya maji, osha kwa maji na sabuni, lakini mwisho pitisha thina kidogo ifukuze maji. Upepo wetu una chumvi, na chuma kikilala na unyevu kinaamka na kutu.

Sasa nirudi kwenye maji ya tangi, kwa sababu hili lilinigharimu na sipendi limgharimu mwingine.

Ilikuwa masika, miaka mitatu iliyopita. Nilipewa kitanda cha harusi cha mtiki wa Muheza, ubao wa kichwani umechongwa maua, kazi ya mikono ya wiki tatu ya seremala ambaye mimi ni mpiga vanishi wake tu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, asubuhi ikaacha. Mama wa bi harusi alikitaka siku hiyohiyo. Tangi nilikuwa sijalifungua kwa siku mbili. Nikapiga. Kwa dakika tano za mwanzo kiling'aa mpaka nikaona sura yangu. Kisha ule mng'ao ukaanza kufifia mbele ya macho yangu, ukungu mweupe ukatanda kutoka pembeni kuja katikati, kama maziwa yaliyomwagika chini ya kioo. Na pale kwenye maua, vitundu, kimoja hapa, kingine pale.

Mama akatoa hodi, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akakitazama kitanda kwa muda, akasema, "Mwanangu, hiki kitanda kimelia?"

Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kuomba siku tatu. Nilipiga msasa ubao wote wa kichwani, ua kwa ua, kwa vidole, nikausubiri ukauke, nikafuta mtiki kwa thina kwa sababu mbao zake zina mafuta ya asili, nikapiga upya mchana wa jua. Vanishi ya pili na thina ya pili vilitoka mfukoni mwangu. Harusi ilikikuta kitanda tayari, alhamdulillahi, lakini mimi nilijua maua yale yalikuwa yamepoteza ukali wa patasi, na sikuweza kuurudisha.

Yaliyotokea ni mambo mawili, na ni vizuri kuyatenganisha. Ukungu ule ulitoka hewani. Thina inaporuka kwenye ubao inaondoka na joto, uso wa vanishi unapoa kuliko hewa inayouzunguka, na hewa iliyojaa unyevu inamwaga maji yake hapo, kama inavyolowa chupa iliyotoka kwenye friji. Dawa yake ni kusubiri saa ambayo hewa ni kavu zaidi, kwangu ni kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, au kutumia thina inayokauka polepole. Vile vitundu vilitoka kwenye tangi. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo, na ya kwetu huku pwani wakati wa masika iko karibu na kikomo hicho. Kompresa inaichukua hewa hiyo, inaibana mara nane, na ikipoa haina tena nafasi ya kuubeba ule mvuke. Unageuka maji, yanakaa chini ya tangi pamoja na oili inayopenya kwenye pistoni, na yakizidi yanapanda kwenye mpira.

Kwa hiyo koki nafungua kila siku jioni, masika na kiangazi. Nimefunga pia chujio la maji karibu na bunduki, kile kikombe cha kioo, mbali na kompresa, ili hewa ipoe njiani kwenye mpira kabla ya kufika hapo. Na kuna sababu iliyo kubwa kuliko kitanda cha mtu: maji yanayolala yanakula tangi kwa ndani, kuanzia chini ambako huoni. Tangi lililoliwa na kutu huku limebeba upepo ni kitu cha kuua. Ukiona jasho la kutu kwa nje, usilichomelee. Liondoe kazini.

Mwaka juzi nilipata somo lingine mahali ambapo sikulitarajia. Kwenye mitumba ya vyombo vya umeme jijini Dar es Salaam niliuziwa mashine ndogo: feni inayovuma kama ya kukaushia nywele, mpira mnene, na bunduki nyepesi ya plastiki. Muuzaji alisema ni ya ukuta. Nilipoifungua nyumbani, kikombe kilikuwa na utando wa kahawia unaonata, na thina haikuufanya kitu. Maji ya vuguvugu yakautoa mara moja. Kwenye kijitabu chake ndipo nikaelewa. Ni mashine ya kupulizia watu. Huko Ulaya na Marekani mtu mweupe anayetaka kuonekana kama aliyekaa juani husimama akapuliziwa mwili mzima. Dawa yake ni sukari ya aina yake, dihaidroksiasetoni, inayogusana na protini za ngozi ya juu, ile iliyokwisha kufa, na kuigeuza kahawia. Baada ya wiki moja hivi inaondoka na ngozi hiyo. Ni sukari, ndiyo maana ilinata.

Mashine ile iliuzwa kama chakavu, na ugonjwa wake ulikuwa sponji. Feni hizi zina sponji ya kuchuja hewa, na hii ilikuwa imejaa vumbi la dawa mpaka feni ilikosa pumzi na mota ikapata moto. Niliosha sponji kwa sabuni, nikaianika kivulini hadi ikauke kabisa, nikairudisha. Sauti ikabadilika papo hapo, kutoka kilio hadi mvumo. Kwa anayefanya kazi hiyo ya saluni mambo ni yaleyale ya mjomba: mteja akitoka tu, mimina dawa, pitisha maji ya vuguvugu mpaka yatoke safi, fungua nozeli na sindano, osha kwa sabuni, kausha, wala usisubiri jioni, kwa sababu sukari ikikauka inakuwa gundi, na anayefuata anapuliziwa mwilini, si ubaoni. Mimi naitumia kwa vanishi ya maji kwenye fremu za picha. Thina siisogezi karibu nayo, maana mota yake inatoa cheche.

Na inavutia kwamba bunduki zetu zilianzia kwa mwili wa mtu. Allen DeVilbiss, daktari wa Toledo, Ohio, alitengeneza kipulizio cha kupelekea dawa kooni kwa wagonjwa wake. Mwanawe Thomas ndiye aliyekigeuza kuwa bunduki ya rangi mwaka 1907.

Niseme na la thina chafu, kwa sababu nimeona watu wakiimwaga mtaroni. Msifanye hivyo jamani, mitaro hii inaishia baharini tunakovua. Iweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, ilale siku mbili. Uchafu unashuka, juu inabaki nyeupe, hiyo itakufaa kwa suuzo la kwanza kesho. Tope la chini liache likauke kwenye kopo wazi, mbali na jiko. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, na unaweza kulifuata jiko la mkaa la jirani anayechoma mihogo.

Leo asubuhi kijana wangu wa karakana, ana miezi minne tu, aliniletea bunduki aliyoifungua na kuifunga mwenyewe. Nikamwambia atie maji, apulize kwenye boksi. Alama inatakiwa iwe ndefu, iliyojaa sawasawa, kama yai lililovutwa. Yake ilipinda ikawa hilali. Akanitazama.

"Igeuze kofia nusu mzunguko, puliza tena," nikamwambia. Hilali ikageuka ikaelekea upande wa pili.

"Ingebaki vilevile?" nikamwuliza.

"Ingekuwa nozeli, shangazi."

"Sasa?"

"Kofia. Tundu la pembeni limeziba."

Hakuniuliza njiti iko wapi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ufagio.